Chambo, taulo na kondoo mwenye kengele: Namna ya kusikiliza Kiingereza cha midahalo ya siasa

Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi alfajiri, Septemba 11, 2024, Donald Trump na Kamala Harris walipopeana mikono mjini Philadelphia na kuanza mdahalo wao. Kule Marekani ulikuwa bado usiku wa Septemba 10. Zaidi ya watu milioni 67 walitazama kwenye televisheni za nchi hiyo. Huku kwetu wengi tuliupata kulipokucha, tena vipande vipande: video ya nusu dakika kwenye WhatsApp, kichwa cha habari kwa Kiingereza, mchambuzi anayezungumza kama anakimbizwa.

Katika vipande vile neno moja lilijirudia mno: "bait". Harris alitega "bait", Trump "took the bait". Kamusi ndogo ya shuleni itakuambia kuwa ni chambo, na mvuvi wa sangara hahitaji hata kamusi. Lakini kilikuwa chambo gani, na samaki alinasaje?

Fuatilia mazungumzo yenyewe. Swali lilikuwa la wahamiaji na mpaka wa kusini, mahali ambapo Harris alijulikana kuwa dhaifu. Alijibu, kisha akageuza: akawaalika watazamaji waende kwenye mikutano ya hadhara ya Trump wajionee jinsi watu wanavyoondoka mapema kwa kuchoka na kuboreka. Mtangazaji David Muir alipomgeukia Trump na swali la muswada wa mpaka, Trump akasema kwanza ajibu hilo la mikutano. Suala la mpaka, lililokuwa silaha yake, likabaki linaning'inia. Muda mfupi baadaye akayafikia maneno yaliyozunguka dunia: kwamba wahamiaji mjini Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa wenyeji.

Hiyo ndiyo "took the bait". Hakuzidiwa hoja wala hakudanganywa. Alivutwa kutoka kwenye maji yake kwa kitu kidogo ambacho hakuweza kukiacha kipite. Na angalia jambo hili: kati ya wale wawili jukwaani hakuna aliyekuwa akilitaja neno "bait". Lilikuwa neno la wachambuzi. Mwandishi anayeandika hivyo amekwisha kukuamulia nani alikuwa mvuvi na nani alikuwa samaki. Wewe uliyekuwa umelala, ukiisoma habari asubuhi, unapokea tukio na hukumu yake kwa pamoja.

Ndiyo maana nasema Kiingereza cha habari za siasa hakiwi kigumu kwa sababu ya maneno marefu. Maneno marefu yapo kwenye kamusi. Kinachotushinda ni maneno mafupi ambayo yamebeba picha, na ndani ya picha yamefichwa maoni ya mtu.

Mwalimu aliyenyamaza

Zamani kulikuwa na njia rahisi zaidi. Tangu Oktoba 1959 redio ya Sauti ya Amerika, VOA, ilitangaza habari kwa Kiingereza kilichopunguzwa kasi, kikaitwa "Special English". Msamiati wa msingi ulikuwa maneno kama 1,500, sentensi fupi, bila nahau, msomaji akitulia kwenye kila neno. Nahau ziliwekewa kipindi chake cha pembeni, kilichoeleza zilikotoka. Wapo walimu wa sekondari huku vijijini walionyoosha Kiingereza chao kwa redio ya mkulima na betri mbili.

Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya kazi za VOA, na idhaa ya Kiswahili nayo ikanyamaza. Sababu za kisiasa za uamuzi ule ni habari ya siku nyingine. Kwa msikilizaji wa kijijini anayejifunza lugha, kilichobaki ni kile kipande cha nusu dakika kwenye simu: kasi ile ile ya Washington, nahau juu ya nahau, na hakuna wa kukueleza. Wasikilizaji wa kipindi chetu cha asubuhi hututumia vipande hivyo na swali moja tu: "Hapa anasemaje?" Mara nyingi anayeuliza ameelewa kila neno. Kilichompita ni sentensi.

Amesema, amedai, amezua

Turudi Springfield. Trump alipomaliza, Muir alisema ABC imewasiliana na meneja wa mji ule, na akawaambia hakuna "credible reports" za jambo hilo. Lishike hilo "credible". Hakusema hakuna taarifa. Taarifa zilikuwa tele, Facebook ilishajaa. Alisema hakuna taarifa ya kuaminika, yaani yenye shahidi, yenye mahali, yenye kitu cha kuonyesha. Ukiliruka neno hilo, mtu anakuja na picha ya mtandaoni anakuambia: "Si wamesema hakuna taarifa? Hii hapa!" Naye anaamini amewashika uongo.

Siku zilizofuata, habari ile ile iliandikwa kwa vitenzi tofauti, na kila kitenzi kilikuwa na uzito wake. "Said" halina upande, ni alisema tu. "Claimed" ni mwandishi kurudi hatua moja nyuma: yeye kasema, mimi sijathibitisha. "Alleged" huja zaidi pale mtu anapotuhumiwa kosa ambalo halijathibitishwa, ndiyo maana utalikuta sana kwenye habari za polisi na mahakama. Halafu kuna "baseless", yaani kauli isiyo na msingi, kama nyumba iliyojengwa juu ya hewa. "Debunked" limeenda mbali zaidi: jambo limechunguzwa na kuonekana si kweli. Na juu ya yote lipo "lie", uongo, ambalo wahariri wengi huliogopa, kwa sababu kumwita mtu mwongo ni kudai unajua kwamba moyoni alijua ukweli.

Sisi watangazaji wa Kiswahili tuna taabu yetu hapa. "Claimed" tunaliweka "amedai". Lakini kudai kwetu ni kazi nyingi: unadai deni, unadai haki, unadai mshahara, na anayedai mara nyingi ndiye mwenye haki yake. Ukisoma "Trump adai wahamiaji wanakula mbwa", msikilizaji mmoja anasikia shaka, mwenzake anasikia mtu anayelalamikia jambo lililotokea. Kwa maoni yangu, "adai" peke yake haitoshi katika habari kama ile. Ongeza "bila ushahidi", hata kama kichwa cha habari kitarefuka.

Si suala la sarufi tu. Katika siku zilizofuata mdahalo, Springfield ilipata vitisho vya mabomu zaidi ya 30. Shule zilitolewa wanafunzi, ofisi za umma zikafungwa. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, ambaye ni wa chama cha Trump mwenyewe, alisema vitisho vyote vilikuwa "hoaxes", yaani uzushi, na kwamba hakuna ushahidi wa mbwa na paka kuliwa. Wahamiaji kutoka Haiti waliokuwa wakiishi pale kihalali waliogopa kupeleka watoto shule. Neno lilitoka jukwaani Philadelphia likaenda kugonga mlango wa mtu.

Biden aliacha nini?

Mfano wa pili ulitangulia huo. Juni 27, 2024, Joe Biden na Trump walikutana mjini Atlanta kwenye studio za CNN. Dakika 90, hakuna watazamaji ukumbini, na kipaza sauti cha asiye zamu yake kinazimwa. Biden alikuwa na miaka 81. Sauti ilikauka, na zaidi ya mara moja, kama Waingereza wasemavyo, "lost his train of thought". Hiyo "train" haina uhusiano na reli. Ni mlolongo, kama mafahali wanaovuta jembe wakifuatana, na uzi wa mawazo ukikatika katikati mtu anabaki ametoa macho.

Siku 24 baadaye, Julai 21, alitangaza kuachia kinyang'anyiro. Hapo ndipo simu zilipopata moto. Wapo walioelewa kwamba Biden amejiuzulu urais, na ukiangalia Kiingereza utaona kosa linavyozaliwa. Vyombo vilitumia "withdrew" na "dropped out", yaani amejitoa, na pia "stepped aside", amesogea kando. Kisha kuna "stepped down". Hapo kilichobadilika ni kijineno kimoja, lakini "down" ni kushuka kutoka kwenye kiti unachokalia, na "aside" ni kumpisha mwenzako njiani. Biden alisogea kando katika mbio na akabaki kwenye kiti mpaka Januari 20, 2025. Vijineno hivi vya "up", "down", "aside", "back" na "out" ndivyo vinavyotuangusha, kuliko "constitutional" na "unprecedented", ambayo yana maana moja na yamekaa kimya.

Katika siku hizo 24, lugha ya habari ilihamia ulingoni. Biden yuko "on the ropes". Wengine wakamtaka "throw in the towel". Mpenzi wa ndondi ameshaelewa. Bondia aliyesukumwa kwenye kamba za ulingo hana pa kurudi nyuma, anajikinga tu asubiri kengele. Na taulo? Kiasili taulo halitupwi na bondia. Hutupwa na msaidizi wake aliye kwenye kona, pale anapoona mtu wake anaumia na hataki kukubali. Siku hizi Waingereza husema hivyo hata kwa mtu anayekata tamaa mwenyewe, lakini kwa Biden maana ya zamani ilirudi sawasawa, maana waliomsukuma zaidi walikuwa watu wa kona yake, wabunge na wafadhili wa chama chake.

Ukishajua kwamba picha ni ya ndondi, maneno mengine kumi yanafunguka bila kukariri. "Below the belt" ni ngumi chini ya mkanda, yaani shambulio lisilo la haki, kama kumtaja mtoto wa mtu. "Pulled no punches" ni mtu aliyesema bila kumhurumia mwenzake. "Knockout blow" haihitaji maelezo. Ubaya wa picha hii ni kwamba inafanya mdahalo uwe pambano, na kwenye pambano hakuna anayeuliza bei ya dawa itashuka vipi. Usiku ule wa Philadelphia, Trump aliulizwa kama ana mpango wa bima ya afya, akasema ana "concepts of a plan", yaani mawazo ya mpango. Ni jibu lenye uzito kwa mtu anayeumwa. Lilichekwa siku mbili, likapita.

Mwenye ng'ombe ana kamusi nyumbani

Hapa wafugaji wanaonisoma wajisikie nyumbani, kwa sababu siasa za Kiingereza zimechota maneno mengi zizini kuliko chuoni.

Mwanasiasa asiyefuata msimamo wa chama chake huitwa "maverick". Marehemu Seneta John McCain aliitwa hivyo miaka mingi, hasa alipogombea urais mwaka 2008. Neno limetokana na jina la mtu, Samuel Maverick wa Texas, karne ya 19, ambaye hakuwapiga chapa ng'ombe wake. Ng'ombe akionekana porini hana alama, watu walisema huyo ni wa Maverick. Baadaye likawa neno la mtu asiye na chapa ya mtu yeyote. Jiulize mwenyewe kama ni sifa au tusi. Kwa mpiga kura wa Marekani mara nyingi ni sifa. Kwa mfugaji, ng'ombe asiye na alama ni ng'ombe wa kuibiwa.

"Bellwether" utalikuta usiku wa matokeo: jimbo hili ni "bellwether". Ni kondoo dume aliyehasiwa, akafungwa kengele shingoni. Kundi humfuata, na mchungaji akisikia kengele anajua kundi liko wapi hata kama halioni. Jimbo la namna hiyo ndilo hutazamwa kujua nchi inaelekea wapi. "Stump speech" ni hotuba ile ile anayoirudia mgombea kila kijiji, na "stump" ni kisiki, maana zamani wagombea walipanda juu ya kisiki ili waonekane. Na yule anayehakikisha wabunge wa chama wanahudhuria na kupiga kura inavyotakiwa, Waingereza wanamwita "whip". Neno limetoka kwa wawindaji, kwa msaidizi aliyetumia mjeledi kuwarudisha mbwa waliotoka kundini. Kwenye Bunge la Tanzania sisi tunamwita mnadhimu. Tumemstahi sana.

Mara nyingine picha haitoki zizini wala ulingoni, inatoka kwenye tangazo la biashara. Mwaka 1984 Walter Mondale, akishindana na Gary Hart ndani ya chama cha Democratic, alimwambia kwenye mdahalo kwamba kila akisikia mawazo yake mapya anakumbuka lile tangazo: "Where's the beef?" Tangazo lilikuwa la mgahawa wa Wendy's. Mama mzee anafungua mkate mkubwa, anakuta kipande cha nyama kama kifungo cha shati, anauliza nyama iko wapi. Mmarekani yeyote aliyekuwa na televisheni alicheka. Ukitafsiri leo bila kueleza, unampigia mbuzi gitaa. Nahau ya namna hii huwezi kuikisia, lazima uulize ilikotoka.

Filimbi isiyosikika

Kuna nahau moja ambayo ningependa kila msikilizaji aijue, hata asiyetaka Kiingereza: "dog whistle". Ni filimbi ya mbwa. Sauti yake ni nyembamba mno, sikio la binadamu haliipati, mbwa anaisikia. Katika siasa ni kauli inayosikika ya kawaida kwa wengi, lakini kundi fulani linajua limeambiwa nini.

Sisi hatuhitaji kwenda Marekani kuielewa. Kenya wanalijua neno "madoadoa". Kwenye kamusi ni vidoa tu, madoa madogo kwenye nguo au ngozi ya mnyama. Katika siasa za Bonde la Ufa limetumika kumaanisha watu wa kabila jingine wanaoishi "kwetu", na kuondoa madoadoa kukaeleweka kuwa ni kuwafukuza. Baada ya damu ya 2007 na 2008 hakuna anayeweza kusema hakujua. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka kwenye mkutano wa hadhara Eldoret, na Aprili mwaka huo tume ya utangamano ya Kenya, NCIC, ikaliweka kwenye orodha ya maneno yasiyotakiwa kampeni. Mtu aliyejifunza Kiswahili darasani London angesikia hotuba ile na kudhani wanazungumzia sabuni. Ndivyo na sisi tunavyosikia baadhi ya hotuba za Marekani.

Ukitaka kuanza

Usianze na orodha ya nahau 500 zinazouzwa kwenye vijitabu. Chukua mdahalo mmoja. CNN na ABC walichapisha maandishi kamili ya midahalo yao ya 2024, na maandishi hayali bando kama video. Soma swali moja na majibu yake, kisha tafuta habari mbili zilizoandika juu ya jibu hilo. Piga mstari chini ya kitenzi tu. Utakuta mmoja ameandika "responded", mwingine "dodged", yaani alikwepa. Utakuta "pivoted", na mchezaji wa netiboli anajua ni kukita mguu mmoja chini na kugeuza mwili: mtu hakukataa swali, amegeukia pengine. Utakuta "doubled down", neno la wacheza karata, mtu ameambiwa amekosea akaongeza dau. Na kinyume chake "walked back", amerudisha maneno yake kinyumenyume bila kukiri waziwazi. Ukishaona kitenzi, rudi kwenye maandishi ya mdahalo uamue mwenyewe kama ni kweli alikwepa.

Halafu tahadhari ndogo kwa vijana wa kidato cha nne na wanaotafuta kazi. Nahau hizi ni za kusikilizia zaidi kuliko za kuandikia. Barua ya kuomba kazi kwa mkurugenzi wa halmashauri ikisema mwajiri wako wa zamani "threw me under the bus" itasomwa ofisi nzima, lakini si kwa sababu unayoitaka. Andika kwamba alikutupia lawama, kwa Kiingereza cha kawaida.

Mdahalo mkubwa unaofuata jirani yetu hauko mbali. Kwa mujibu wa katiba yao, Wakenya wanapiga kura Agosti 10, 2027, na tangu 2013 midahalo yao ya urais imekuwa ikiendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Kuna kitenzi kimoja utakachokihitaji siku hiyo. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakufika, marehemu Raila Odinga akasimama peke yake akijibu maswali. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Raila kutofika, na William Ruto akasimama peke yake. Kwa hali kama hiyo Waingereza wana kitenzi, "to empty-chair", yaani kuendelea na mdahalo huku kiti au jukwaa la asiyekuja likiachwa wazi watu walione. Ukisikia kwamba fulani "was empty-chaired", usifikiri amenyimwa kiti. Kiti kilikuwepo.